Mwenyeji wa samaki ni maji

Mtu akiniambia amenunua samaki leo, swali langu la kwanza huwa: tangi lako lina maji tangu lini? Akijibu "tangu asubuhi," roho inaniuma, kwa sababu najua kitakachofuata na najua hana kosa. Hakuna aliyemwambia. Tangi, chujio, changarawe, mmea wa plastiki na mfuko wa samaki vyote vimelipiwa kwa risiti moja, kisha muuzaji akamtakia kila la heri.

Hivyo ndivyo nilivyoanza mimi. Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 40. Niliosha changarawe, nikajaza maji ya bomba, nikawasha chujio, na baada ya saa mbili nikawamimina ndani samaki wa dhahabu wawili na gapi watano. Jioni ile maji yalikuwa maangavu, ungedhani hayapo. Siku ya tatu yakaingia ukungu, kama kwamba kuna mtu ametia tone la maziwa. Siku ya tano asubuhi niliwakuta samaki wote juu, midomo imegusa uso wa maji, matamvua yamewiva kwa wekundu na yanapiga haraka haraka. Nikadhani wana njaa, nikawaongezea chakula. Kitendo kile bado kinanisumbua hadi leo, maana chakula kisicholiwa huoza, na kuoza kule ndiko kulikokuwa kunawaua. Siku ya saba alikuwa amebaki samaki mmoja.

Samaki hutoa taka iitwayo amonia, na sehemu kubwa yake hutokea kwenye matamvua, palepale anapopumulia. Ziwani au mtoni amonia hiyo hupotea kwenye maji mengi. Ndani ya kioo inabaki pale pale, na kadiri inavyozidi ndivyo inavyomuunguza matamvua. Kinachomwokoa ni bakteria. Kuna kundi linalogeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine linalogeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi na ambayo sisi huipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Nitriti nayo ni sumu. Inaingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, damu ikageuka rangi ya kahawia. Ndiyo sababu samaki anaweza kukosa pumzi ilhali pampu ya hewa inafanya kazi usiku na mchana.

Bakteria hao hawaelei tu majini. Wamejishikiza kwenye sponji ya chujio, kwenye changarawe, kwenye majani na kwenye kuta za kioo. Nao huzaliana polepole mno ukiwalinganisha na bakteria wanaoozesha chakula. Tangi jipya kwa kawaida linahitaji wiki nne hadi sita kabla hawajatosha. Muda wote huo maji yanaweza kuonekana safi kabisa, na macho yako hayana namna ya kujua. Kwa hiyo nikisema mwenyeji wa samaki ni maji, ninazungumzia jambo la kweli kabisa: viumbe hai wasioonekana ambao ama wako tayari kumpokea mgeni, ama hawako.

Kuwaandaa si kazi ngumu, ila inataka subira. Washa chujio na hita katika tangi lisilo na samaki, kisha uwape bakteria kitu cha kula: matone ya amonia isiyo na sabuni wala manukato, au chembe za chakula cha samaki unazoziacha zioze. Pima maji kila baada ya siku mbili tatu kwa vipimo vya matone. Utaona amonia ikipanda, kisha ikishuka nitriti ikipanda, kisha nitriti nayo ikishuka na nitreti ikibaki. Siku utakayotia amonia leo na kesho yake ukakuta haipo, na nitriti haipo, hapo tangi limekuwa nyumba. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye afya, mwombe kipande cha sponji ya chujio lake. Kibebe kikiwa kimelowa maji ya tangi lile lile, ukiweke kwenye chujio lako siku hiyohiyo. Ni zawadi kubwa kuliko samaki mwenyewe. Na tafadhali usiisuuze sponji hiyo kwa maji ya bomba, kwa kuwa klorini inayotuulia vijidudu kwenye maji ya kunywa haichagui. Isuuze kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba kuuza tangi na samaki siku moja ni desturi mbaya, na wauzaji waiache. Najua biashara ni riziki. Lakini mteja ambaye samaki wake wote wamekufa wiki ya kwanza hulifungia tangi stoo na harudi tena, wakati yule ambaye samaki wake wameishi atarudi kununua chakula, mimea, taa na tangi kubwa zaidi kwa miaka mingi. Muuzaji anayesema "chukua tangi leo, uje uchukue samaki mwezi ujao" anastahili heshima yetu na fedha zetu.

Kuna wanaonijibu kwamba walifanya vile na samaki wao wakapona. Siwakatalii, baadhi ya samaki ni wagumu. Ila kupona kwa matamvua yaliyoungua si sawa na kuwa mzima. Na kama unasoma haya huku samaki tayari wako kwenye tangi jipya, usikate tamaa wala usijilaumu. Badilisha robo hadi theluthi ya maji kila siku, yawe yametiwa dawa ya kuondoa klorini na yana joto sawa na ya tangini. Punguza chakula kiwe chembe chache kwa siku. Endelea kupima. Samaki wachache wanaweza kuvuka kipindi hicho ukiwa nao bega kwa bega.

Sasa siku yenyewe ya kuwaleta. Hapa nina ugomvi na ushauri unaorudiwa kila mahali, kwamba kadiri unavyomzoesha samaki polepole ndivyo anavyofaidika, hata ikibidi saa tatu nne za kudondosha maji tone kwa tone kutoka kwenye mrija. Inategemea ametoka wapi. Samaki uliyemnunua ukafika naye nyumbani ndani ya nusu saa, uache mfuko wake uliofungwa uelee juu ya maji ya tangi dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha fungua, ongeza kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika chache, na baada ya nusu saa hivi mtoe kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage, yasiingie tangini.

Samaki aliyesafirishwa siku nzima au mbili ni habari nyingine. Ndani ya mfuko amekuwa akipumua na kutoa kaboni dioksidi, nayo huyafanya maji yawe na asidi zaidi. Wakati huohuo amonia imekuwa ikirundikana. Katika maji yenye asidi, sehemu kubwa ya amonia hiyo huwa katika hali ambayo haimdhuru sana. Ukifungua mfuko tu, kaboni dioksidi inatoroka, asidi inapungua, na amonia ile inarudi kwenye hali yake ya sumu, samaki akiwa bado humo. Kila dakika unayomweka pale ukidhani unambembeleza, unamchoma. Huyo msawazishie joto mfuko ukiwa umefungwa, halafu fungua, mtoe kwa wavu na umwingize moja kwa moja kwenye maji safi yaliyoandaliwa kufanana na alikotoka. Muulize muuzaji pH ya maji yake, yaani kipimo cha asidi, kabla ya siku hiyo, uandae mapema.

Zima taa ya tangi. Usiwape chakula jioni ile. Watoto wakikusanyika kwenye kioo, waambie samaki anahisi mtikisiko wa maji kwa mstari maalumu ulio ubavuni mwake, kutoka kichwani hadi mkiani, na kwamba kidole kinachogonga kioo humfikia mwili mzima. Watoto huelewa haraka kuliko watu wazima, nimeliona hilo mara nyingi. Samaki akififia rangi siku ya kwanza, mwache. Rangi hurudi woga ukiisha.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye samaki mambo yanaweza kwenda kinyume kabisa. Mwaka wangu wa pili, nikiwa tayari na tangi tulivu ambalo niliona fahari kulitazama kila jioni, nilileta samaki watatu waliokuwa na sura nzuri kabisa, nikawachanganya na wenyeji usiku uleule. Haikufika wiki mbili, mmoja alikuwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi, na kabla sijajipanga karibu kila samaki alikuwa navyo, wanajikuna kwenye mawe.

Kila kidoa kile ni makao ya kimelea chini ya ngozi ya samaki. Kikishiba hujidondosha, kikajigandisha chini na kujigawa mara mamia, kisha wadogo wanaogelea kumtafuta samaki mwingine. Dawa huwapata wakiwa wanaogelea tu. Waliojificha kwenye ngozi au waliojifungia kwenye changarawe haiwagusi, na ndiyo maana mtu akiona vidoa vimepotea akasitisha matibabu, vinarudi vingi zaidi. Mzunguko huo, maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hivi, huchukua kama wiki moja au pungufu, na katika maji baridi huvuta kwa wiki kadhaa. Niliwapoteza wenyeji wanne waliokuwa wamekaa nami zaidi ya mwaka, kwa sababu sikuwa na subira ya mwezi mmoja.

Tangu siku hiyo kila samaki mgeni anapita karantini ya wiki nne. Wapo wanaoona ni kumfunga jela kiumbe aliyechoka. Mimi nasema huo ndio ukarimu wenyewe. Karantini yangu ni boksi la plastiki la lita 25 lenye mfuniko, hita, kipande cha bomba la kujifichia, na chujio dogo la sponji ambalo siku zote huwa nimeliweka kwenye tangi kubwa ili libaki na bakteria wake. Boksi lina wavu wake na mrija wake, havihamishwi. Humo mgeni anakula bila kunyang'anywa na mbabe yeyote, anapumzika bila kufukuzwa, na akiumwa namtibu kwa dawa kidogo bila kuhatarisha wengine.

Juu ya kuchagua aina sitasema mengi. Samaki wa dhahabu hukua kupita sentimita 20 na anaweza kuishi miaka zaidi ya 10, kwa hiyo bakuli si nyumba yake. Tetra ni samaki wa kundi, sita kwenda juu. Beta dume hakai na dume mwenzake. Wale sikilidi wa miamba wa Ziwa Malawi hugombea mipaka, hivyo panga upya mawe siku unayoleta mgeni ili wote waanze kutafuta makao upya. Na usiwalete wote kwa mpigo. Bakteria waliopo wanatosha taka iliyopo, samaki wakiongezeka ghafla amonia inapanda tena. Leta wachache, ngoja wiki kadhaa, pima, ndipo ulete wengine.

Hivi sasa boksi lina tetra kardinali sita. Aina hii bado huvuliwa kwa wingi katika matawi ya Rio Negro nchini Brazili, kwenye maji meusi kama chai yenye asidi nyingi. Anayevuliwa huko hupita mtumbwi, matangi ya kusubiria, ndege, ghala na duka kabla hajafika kwa mtu kama mimi, na kila kituo kina maji yake. Sijui hawa wangu walizaliwa mtoni au kwa mfugaji, lakini nawapokea kama waliotoka mbali.

Leo ni siku yao ya 17. Watano walianza kula siku ya pili. Wa sita, aliyekuja na mkia uliochanika, alijibanza nyuma ya bomba siku nne, mstari wake wa buluu umefifia hadi kufanana na kijivu. Siku ya tano usiku nilizima taa ya chumba, nikaacha mwanga wa korido tu, nikadondosha chembe ndogo upande wake na kukaa bila kujitikisa. Alitoka nusu mwili. Akarudi. Akatoka tena, akaidaka chembe, akaitema, akaifuata ikizama, safari hii akaimeza. Asubuhi ya leo alikuwa wa pili kufika juu nilipofungua mfuniko, na mkia umeanza kuziba kwa utando mwembamba usio na rangi. Zimebaki siku 11.