Batani ipewe jina, hizo kodineti tubaki nazo wenyewe

Jana tumekesha tena geto hapa Mafiati, baridi ya mwezi wa saba ya Mbeya unaijua mwenyewe, watu tisa blanketi tatu, laptopu moja inaendesha Pokémon Diamond, gemu ya Nintendo DS (kile kimashine cha mkononi chenye vioo viwili), kwenye emuleta, yani programu inayoiga hicho kimashine, na kila mtu anatuma amri na simu yake kwenye grupu, kiprogramu changu kinasoma kinabonyeza. Wazo sio letu. Mwaka 2014 watu kule Twitch, mtandao wa kurusha gemu laivu, walicheza Pokémon Red hivyohivyo, kila mtu anaandika lake kwenye chati, fujo tupu, na bado wakaimaliza ndani ya siku 16.

Ila ile ilikuwa gemu ya Game Boy, batani nane basi. DS kioo cha chini ni cha tachi, na hapo ndo ugomvi wetu ulipo. Kina pikseli 256 kwa 192, yani sehemu 49,152 za kugusa, na kuna jamaa zangu wanataka kila mtu aandike kodineti mwenyewe, yani namba za mahali pa kugusa, eti ndo uhuru. Mi nakataa, mtu aandike jina la batani tu. We mgeni akija Mbeya unamwelekeza kwa latitudo? Si unamwambia panda daladala shuka Kabwe, basi.

Kwanza namba zenyewe hata sisi tulioandika programu zinatutesa. Nilipiga skrinishoti nikapima batani ya Kimbia, ya kutoroka vita, nikapata 128,367, yani 128 kwenda kulia na 367 kushuka chini. Nagusa, hola. Kumbe emuleta inapanga vioo viwili juu na chini, hizo 367 zinahesabiwa kuanzia kioo cha juu ambacho hata hakigusiki, ilibidi nitoe 192 ibaki 175, na nusu saa nzima nilikuwa nalaumu emuleta ya watu. Mwenzangu naye kakuza dirisha mara mbili kanitumia 256,734, hapo unagawa kwa mbili kwanza ndo unatoa. Sasa hayo mahesabu umpe mtu saa nane usiku anatetemeka?

Kubwa zaidi ni kwamba batani zinahama. Pokémon Diamond ukiwa vitani Kimbia iko chini katikati, ukishagusa Pigana yanakuja mashambulizi manne na palepale chini panakaa batani ya kughairi. Mtu katuma 128,175 akitaka kukimbia, mtandao umevuta miguu, ikifika ukurasa umeshabadilika, tunaghairi shambulio. Tulizunguka hivyo pigana ghairi pigana ghairi mpaka mmoja akalala. Akiandika jina, programu inaangalia kwanza rangi za pikseli mbili tatu ijue ipo ukurasa gani, kama Kimbia haipo inaipotezea amri. Namba haina akili hiyo, inagusa tu chochote ilichokikuta.

Nakubali kuna gemu jina haliwezi, mfano Pokémon Ranger unachora miduara kumzunguka mnyama, hapo batani gani utaita? Huko namba ziachwe, sina ubishi.

Ila na majina nayo yana kazi yake, mi niliweka "kimbia" peke yake, mwingine akaja na "toroka", hiyo nimeshaiweka. Leo naongeza "sepa", maana kuna mtu kaiandika usiku kucha programu imemkaushia, asubuhi ananinunia mimi.