Vitabu vitoke uvunguni, vikae sebuleni

Sasa vimefika na Mtwara: vitabu vya urembo. Ni maboksi matupu yenye sura ya kitabu, juu yameandikwa majina ya manukato ya Ulaya, ndani hamna hata ukurasa mmoja. Watu wananunua, wanapanga kwenye shelfu karibu na runinga, pembeni wanaweka ua la plastiki. Muuzaji simlaumu, anatafuta riziki. Kinachonichoma ni kwamba katika nyumba hizo hizo vitabu vya kweli vipo. Viko kwenye kiroba chini ya kitanda, vimechanganyika na kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa na madaftari ya kaka aliyemaliza kidato cha nne. Mtoto akitaka kusoma lazima aombe ruhusa ya kuingia chumbani kwa wazazi, ainame, avute kiroba, akung'ute vumbi. Mtoto gani atafanya hivyo kila jioni?

Kwangu mimi mahali pa kwanza pa shelfu ya vitabu ni sebuleni. Iwe wazi, isiwe na kioo wala kufuli, na rafu za chini wapewe watoto.

Sebule zetu tunazijua. Kuna kabati kubwa la vioo, ndani yake vikombe vya zawadi ya harusi ambavyo havijawahi kutiwa chai, bilauri za mgeni ambaye hajafika, na picha ya mahafali. Vitabu, kama vimo, vimepandishwa rafu ya juu kabisa, kioo kimefungwa, funguo anayo baba, na baba yuko Newala anapalilia mikorosho. Halafu tunalalamika kwamba mtoto yuko darasa la tatu na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, bado inamshinda. Kusoma kunataka mkono uzoee kushika kitabu. Kile anachokiona nyuma ya kioo amefundishwa tangu anatambaa kwamba hakiguswi.

Mama yangu mdogo anayekaa Chikongola, hapa Mtwara, alifanya kinyume. Alimwita seremala wa mtaani akamtengenezea rafu tatu tu za mbao, kimo chake kinafika kiunoni kwa mtu mzima, akaziweka pale pale mkeka unapotandikwa. Juu kabisa umekaa msahafu, umefungwa kwenye kitambaa cheupe, na hapo hapaguswi bila udhu. Katikati kuna vitabu vyake vya ualimu. Chini ni vya wajukuu, vingine vimeshatoka majalada na kushonwa kwa uzi. Mara ya mwisho nilipokwenda, mjukuu wake wa darasa la pili alikuwa amelala kifudifudi na atlasi, anaufuata mto Ruvuma kwa kidole taratibu mpaka baharini, kisha akainua kichwa: "Bibi, mbona Msimbati hawajaiandika?" Hakuna aliyemtuma kusoma. Kitabu kilikuwa usawa wa macho yake, basi.

Wapo wanaoniambia kupanga vitabu ukutani ni mambo ya kizungu. Wavuke waende Songo Mnara, pale Kilwa, wakaangalie magofu yaliyoingizwa pamoja na Kilwa Kisiwani kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Kuta za mawe ya matumbawe zina vidaka, nafasi zilizoachwa makusudi ukutani tangu nyumba inajengwa ili vitu vya thamani viwekwe humo na vionekane. Watu wa pwani hii walikuwa wanafikiria mahali pa kuweka vitu vyao kabla hata ukuta haujakauka. Sisi tunamaliza nyumba nzima, tunapaka rangi, ndipo tunaanza kuuliza vitabu vikae wapi.

Wenye kabati za vioo wana hoja ya vumbi, na hiyo nawapa, maana barabara nyingi za mitaani kwetu bado ni mchanga. Lakini tunaishi kando ya bahari. Kuanzia Desemba hadi Aprili hewa imejaa maji, na kitabu kilichofungiwa kwenye kabati lisilopumua huota ukungu na kurasa kushikana. Vumbi unapangusa kwa kitambaa. Ukungu ukishaingia ndani ya karatasi, umeshindwa.

Chumbani rafu moja ndogo kichwani mwa kitanda inatosha, ila isiwe chini ya dirisha ambako jua na manyunyu vitaimaliza. Jikoni msipeleke kitabu, moshi na mafuta havina huruma. Korido ni nzuri mno na tunaipuuza: rafu ya kina cha sentimita 20 haizuii mtu kupita. Barazani weka kikapu cha ukili chenye magazeti na vitabu vyepesi, na jioni kiingizwe ndani.

Mbao sasa, maana hapa ndipo watu wanaliwa. Shelfu za ubao wa unga wa mbao zinazouzwa madukani zinapendeza siku ya kwanza, lakini zikionja unyevu wa huku zinavimba kwenye ncha na skrubu zinatoka zenyewe. Mwenye uwezo achukue mninga au mkongo. Asiye nao, paini iliyokauka inafaa kabisa. Vitabu ni vizito: mita moja ikijaa inafika kilo 20 na zaidi, kwa hiyo ubao wa inchi moja usiuache uende zaidi ya sentimita 80 bila kiegemeo cha kati. Kina cha sentimita 25 kinatosha vitabu vingi, na rafu moja iwe na nafasi ya sentimita 32 kwenda juu ili atlasi na vitabu vya shule visimame. Fundi akitaka kupaka oili chafu kwa ajili ya mchwa, mkatalie. Hiyo ni ya kenchi za paa, kwenye shelfu itanuka na kuchafua kurasa. Acha upenyo wa vidole vitatu kati ya shelfu na ukuta, upepo upite, nawe uone mapema mchwa akianza kupandisha udongo wake. Na kama kuna mtoto anayepanda vitu, shelfu ifungwe ukutani kwa skrubu, hilo halina mjadala.

Minada ya korosho ikianza Oktoba, maseremala wote wanajaa oda za vitanda na makochi, na mbao mbichi zinaingia kazini hivyo hivyo kwa haraka. Nenda mwezi wa nane, fundi ana nafasi na mbao ziko kavu. Akikuuliza milango iwe ya kioo au ya mbao, mwambie haina milango.