Kabla ya kuomba mashine, tuombe msimamizi

Swali linalokuja kila mara kutoka nyumbani ni moja: huko Ujerumani wana mashine gani za kuwafanyisha wazee mazoezi, na tufanyeje zifike Dodoma? Jibu huwavunja watu moyo kidogo. Mzee aliyevunjika nyonga hapa Ujerumani, akisharuhusiwa kurudi kwake, kwa kawaida daktari humwandikia mara 6 za mazoezi, kila mara dakika 15 hadi 25. Ndani ya dakika hizo, mara nyingi, hakuna mashine. Kuna kitanda, kiti, ngazi za jengo, na mtu anayejua anachokitazama.

Swali lenye faida ni kwamba huyo mtu ametengenezwaje.

Sheria ya hapa imeandika saa. Mtaalamu wa mazoezi tiba husoma miaka 3: saa 2,900 za masomo ya darasani na ya chumba cha mazoezi, kisha saa 1,600 kwa wagonjwa. Muuguzi, kwa utaratibu ulioanza Januari 2020 na kuunganisha uuguzi wa wagonjwa, wa watoto na wa wazee kuwa fani moja, husoma saa 2,100 na kufanya kazi saa 2,500. Upande wa uuguzi kuna sharti ambalo ndilo ningelibeba kwenye sanduku kama lingebebeka: angalau asilimia 10 ya saa za vitendo, yaani saa 250, mwanafunzi awe na msimamizi wa kumwelekeza kwa mpango, si kwa kubahatisha. Msimamizi mwenyewe lazima awe amesomea kufundisha kwa saa 300, na kila mwaka arudi darasani saa 24.

Kwa vitendo mambo huenda hivi. Msimamizi na mwanafunzi huchagua mgonjwa siku moja kabla. Mwanafunzi huandika anachotaka kufanya na sababu yake. Asubuhi anafanya, msimamizi anasimama kando na mikono yake nyuma, haingilii mpaka pawe na hatari. Baadaye wanakaa pembeni wanaongea: kwa nini ulimshika mzee mkono uliopooza ukamvuta? Bega la mtu wa kiharusi misuli yake imelegea, haiwezi kulishikilia, ukilivuta linateguka, na maumivu yake yanaweza kukaa miezi. Mwanafunzi aliyeulizwa hivyo mara moja harudii.

Na huku nako utaratibu huo huvunjika, tusiwapambe. Zamu ikipungukiwa watu, wa kwanza kunyang'anywa ni msimamizi. Anaambiwa shika wodi, utamfundisha kijana kesho. Kesho haiji, na saa zinatiwa saini hivyohivyo. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa hapa ana karatasi ya kulalamikia, kwa sababu idadi imeandikwa.

Sasa tuje kwetu. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa Utengamao 2030, yaani wa kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujitegemea, mwezi Februari 2017, lilieleza kuwa katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wa utengamao hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Mkoa wa Dodoma una watu zaidi ya milioni 3 kwa sensa ya 2022. Kwa kipimo hicho ungekuwa na wataalamu wasiofika 30, kuanzia mjini hadi Kondoa, Mpwapwa na Chemba. Hao wachache ndio tunaowataka wahudumie wodi na kliniki, na papo hapo wafundishe wanafunzi. Kinachoachwa kwanza ni kufundisha.

Wenye mradi wanapokuja, huleta mashine, maana mashine inapigwa picha. Kinachoiua kinajulikana. Umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, na hakuna aliyenunua kifaa cha kuzuia. Mashine ya kusisimua misuli inaishiwa vibandiko vyake, na vipya haviuzwi Dodoma mjini, si sokoni Majengo wala Sabasaba. Lile tangi la umeme la kupashia pakiti za moto linatiwa maji yetu ya visima yenye chumvi na chokaa, waya wa kuchemshia unavaa gamba jeupe, na siku moja unakatika. Wangemwambia mtu atumie maji ya mvua au yaliyochujwa, na asugue gamba kila mwezi kwa siki au ndimu, lingeishi. Lakini hilo ni somo la mtumiaji, na mtumiaji hakuwemo kwenye bajeti.

Ushirikiano uliozaa matunda tunao mfano wake, na haukuanzia mbali. TATCOT pale KCMC Moshi, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vya kunyoosha, kilianza 1981 kwa msaada wa Wajerumani. Kimebaki, na kimesomesha wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika, kwa sababu walengwa walikuwa walimu wa kwetu, vipimo vya taaluma vilikuwa vya kimataifa, na karakana ilijengwa kwa kazi ya kila siku. Kasoro ninayoiona ni umbali. Kijana wa Bahi anayekatwa mguu kwa kisukari hatapanda basi la Kondoa, Babati na Arusha kila soketi, ile sehemu ya mguu wa bandia inayovikwa kigutu, inapomsumbua. Kigutu husinyaa miezi ya mwanzo, soketi iliyokuwa sawa mwezi wa kwanza inalegea mwezi wa nne, mtu anaanza kuzidisha soksi, kisha anautundika mguu ukutani. Anayehitajika wilayani ni mtu wa kubaini hilo mapema, wa kufundisha kufunga bendeji kwa mtindo wa nane, ikaze chini na ilegee kwa juu, na wa kuwakataza ndugu kuweka mto chini ya goti. Huo mto ni upendo wa nyumbani, na ndio unaolifanya goti likunje moja kwa moja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema tuige mitaala ya Ulaya neno kwa neno. Chukua kipimo cha kuinuka na kutembea, kinachotumika karibu kila mahali. Mzee anakaa kwenye kiti chenye mikono, urefu wa kikalio kama sentimita 46. Ukisema anza, anainuka, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anakaa. Akitumia sekunde 12 au zaidi, unamhesabu yuko kwenye hatari ya kuanguka. Kipimo kizuri, hakihitaji kitu zaidi ya saa na utepe. Ila mzee wa Mvumi hakai kwenye kiti cha sentimita 46. Anakaa kwenye kigoda, au chini kwenye mkeka, anachuchumaa chooni, anainama kuingia mlango wa tembe, na anavuka kizingiti usiku bila taa. Atafanya sekunde 10 kwenye vigae vya hospitali, jioni aangukie chooni.

Kwa hiyo chumba cha kufundishia cha Dodoma kiwe na vitu ambavyo Mjerumani hana: kigoda, mkeka, kizingiti cha mbao cha kubandua, kisanduku kikubwa cha mchanga, na sakafu ya choo iliyomwagwa zege. Mwanafunzi ajifunze kumshusha mzee kwa hatua. Aanze na kiti cha sentimita 45, ainuke mara 5 bila kujisukuma kwa mikono. Akiweza siku tatu mfululizo, shusha hadi 40, kisha 35, mpaka kigoda. Uzito wa kifundo cha mguu usiagizwe ng'ambo. Shona mfuko wa khanga, pima kilo 1 ya mchanga kwenye mizani ya dukani, funga. Mazoezi ya nguvu na mizani ya mwili yanayopunguza kuanguka, kama yale yaliyobuniwa Otago, New Zealand, hufanywa nyumbani mara 3 kwa wiki, na uzito wa kuanzia ni huohuo.

Aliyewekewa nyonga ya bandia ni habari nyingine. Wiki za mwanzo huyo asichuchumae kabisa, nyonga isishuke chini ya goti. Fundi seremala amtengenezee kiti cha choo: pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, ongeza sentimita 5, toboa kikalio, panua miguu ya kiti kwa nje, pigilia chini vipande vya tairi visiteleze. Gharama yake ni ya ubao na misumari. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika vipimo kwenye karatasi kabla mgonjwa hajaruhusiwa.

Viti mwendo ndiyo aibu yetu ya pamoja, wao na sisi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 ulitaja hatua 8: rufaa, tathmini, kuandika aina ya kiti, kupata fedha na kuagiza, kukiandaa kiti, kumpima mtu akiwa amekikalia, kumfundisha, na kukifuatilia na kukitengeneza. Kwenye hafla za makabidhiano sisi tunafanya hatua moja ambayo haimo hata kwenye orodha: kupiga picha. Kiti cha hospitali chenye magurudumu madogo ya mbele kikifika Chamwino kinazama mchangani kama jembe. Cha magurudumu matatu chenye kitako kirefu kinapita, ila hakiingii mlangoni. Tairi za upepo zinatobolewa na miiba ya migunga wiki ya kwanza, kwa hiyo angalia kwanza kama zinaingiliana na mipira ya baiskeli inayouzwa gulioni. Na kiti bila mto wa kukalia, kwa mtu asiyehisi makalio, kinaleta kidonda chenye kumwua mtu. Afadhali angebaki kitandani anageuzwa kila saa 2.

Lugha nayo. Mtanzania anayetaka leseni ya uuguzi Ujerumani hudaiwa Kijerumani cha kiwango cha B2, na ni haki, mgonjwa lazima aelewe na aeleweke. Lakini mwanafunzi wa Ulaya anayekuja kwetu kwa miezi mitatu ya vitendo huja na "jambo" na "asante sana". Bibi mwenyewe pengine Kiswahili chake ni cha sokoni tu, anaongea Cigogo, Kirangi au Kisandawe. Hata vijana wetu, waliosomeshwa kwa Kiingereza, hukwama kumweleza mzee "hamishia uzito mguu wa kulia". Kipimo cha maumivu cha sifuri hadi kumi kwa wazee wengi hakisemi kitu. Uliza kama alilala, kama alifika chooni, kama amenyanyua ndoo.

Wapo wanaojisifu kuwa sisi tuna familia, Wazungu wana nyumba za wazee. Tuseme kweli. Hapa Ujerumani kuna bima ya utunzaji tangu 1995, mtu anapangwa daraja la 1 hadi la 5 kwa mahitaji yake, na ndugu anayeuguza anaweza kwenda kozi bila kulipa. Kwetu familia maana yake mara nyingi ni binti mmoja aliyeacha shule au mkamwana anayeumwa mgongo, na hakuna aliyemfundisha kumgeuza mtu wa kilo 70. Uji anamnywesha mgonjwa akiwa amelala chali, unaingia mapafuni. Wamkalishe wima, kijiko kidogo kidogo, akae hivyo dakika 30 baada ya kula. Somo hilo lina urefu wa robo saa, na liwe sharti la kuruhusiwa kutoka wodini.

Nimalizie kwenye kuondoka, kwani sisi tuliokwisha kuondoka hatuna uso wa kumzuia mtu. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya 2010 haimkatazi mtu kuhama, na Tanzania imo kwenye orodha ya 2023 ya nchi 55 ambazo waajiri wa nje hawatakiwi kuzifuata kutafuta wafanyakazi pasipo makubaliano ya serikali yenye kinga kwa nchi inayotoa. Makubaliano yakija mezani, wenye kalamu waulize majina. Ni nani atakayesimama na mwanafunzi wodini Jumanne asubuhi, nani analipa saa zake, na ni nani atashika zamu yake siku hiyo?

Kisha waweke daftari la saa. Ukurasa kwa kila siku ya vitendo: tarehe, idara, umri wa mgonjwa, tatizo, kilichofanywa, saa ngapi, saini ya msimamizi na mhuri. Ofisi za Ujerumani zinazotambua vyeti hulinganisha saa na masomo moja kwa moja. Cheti cha miaka 3 bila mchanganuo huonekana pungufu, na mwenye nacho huambiwa afanye kozi ya kujazia au mtihani wa kupima ujuzi, hata kama alihudumia wagonjwa 30 kwa siku. Mtaala wa mwaka uliosoma nao utunze, upigwe mhuri na chuo wakati bado waliokufundisha wapo. Daftari hilohilo, kwa anayebaki Dodoma, ndilo litakaloonyesha kwamba zile saa 250 zilifanyika au zilitiwa saini tu.