Tunaijua mistari, hatuvijui vitabu

Jumatano moja mwezi uliopita, katika jumuiya yetu ya Tabata, tulisoma Waraka wa Paulo kwa Filemoni kuanzia salamu hadi amina. Ni kitabu cha sura moja, mistari 25. Ukikisoma kwa sauti bila haraka, hakimalizi dakika tano. Tulipofika mwisho, mama mmoja mzee wa kanisa, aliyebatizwa wengi wetu hatujazaliwa, alivua miwani akauliza, "Kwani huyu Onesimo alikuwa mtumwa wa mtu?"

Hakuna aliyecheka. Jina la kitabu tulikuwa nalo kichwani tangu Shule ya Jumapili, tulipoimbishwa orodha ya vitabu 66, lakini kilichomo ndani hatukuwa nacho. Na mama huyu si mtu wa kulegea katika mambo ya Mungu. Hakosi ibada ya kwanza, anaimba kwaya, na ukimtajia Zaburi ya 23, ya 91 au ya 121 anakutiririshia yote bila kufungua Biblia. Imekuwaje basi miaka yote hiyo barua ya dakika tano impite pembeni?

Ukiwauliza wahubiri wengi wa hapa Dar, jibu lao ni fupi: uvivu. Waumini wanataka kuombewa, wanataka neno la kupokea, ila kukaa chini na kitabu hawataki. Jibu hili linaniuma, lakini siwezi kulitupa, maana lina ushahidi. Chukua mkesha wa Ijumaa. Unaanza saa tatu usiku, unaisha saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni saa nane. Injili ya Marko yote, sura 16, inasomeka kwa sauti kwa saa moja na nusu hivi. Biblia nzima, kwa mwendo wa msomaji wa kawaida, inachukua saa 70 na ushee. Kwa hiyo aliyehudhuria mikesha tisa ameshatoa saa ambazo zingemtosha kuisikia Biblia yote, kutoka Mwanzo hadi Ufunuo. Nami nakesha, siwabezi wanaokesha. Nasema tu kwamba "sina muda" ni neno la kupimwa kabla ya kulitoa mdomoni. Kijana anayekutajia kikosi cha Simba au Yanga cha miaka kumi iliyopita, namba kwa namba, kichwa chake kina nafasi ya kutosha kuwajua wafalme wa Yuda.

Upande wa pili wanajibu kwamba mhubiri anayesema hivyo hajapanda daladala ya Chanika saa kumi na moja alfajiri. Nao wana haki. Mtu anaamka saa kumi, anabadilisha magari mara mbili kufika Kariakoo, anasimama dukani mchana kutwa, anarudi nyumbani saa tatu usiku. Usafiri wa mabasi ya mwendokasi ulioanza mwaka 2016 ulitupunguzia safari sisi tunaopita barabara ya Morogoro, lakini jioni pale kituo cha Gerezani unaingia ukiwa umebanwa kiasi kwamba hata mkono hauufikii mfuko wa suruali, sembuse kufungua kitabu. Akifika nyumbani ni chumba na sebule, watoto wanafanya kazi za shule kwenye meza ileile ya chakula, jirani kafungulia redio. Kujifunza kwa kina kunataka ukimya, na ukimya katika mji huu ni wa kulipia.

Halafu kuna lugha, ambayo naona haitajwi vya kutosha. Biblia inayosomwa makanisani kwetu kwa wingi ni tafsiri ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952 baada ya kuunganisha tafsiri ya Unguja na ile ya Mombasa. Naipenda. Kiswahili chake kina mwendo ambao sikio halichoki nao. Lakini mwaka jana nilikuwa na vijana wa kipaimara, tukasoma Luka 4, pale Yesu alipoingia sinagogi la Nazareti: "Akapewa chuo cha nabii Isaya, akakifungua chuo." Kijana mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono, akauliza kwa unyoofu kabisa kama Yesu alianzisha chuo kikuu. Alikuwa ameisoma sentensi sawasawa. Kwa Kiswahili cha leo, kufungua chuo ni kukizindua, apite mgeni rasmi akate utepe. Hakuwa ameambiwa na mtu kwamba chuo, kwa Kiswahili cha kale, ni kitabu, na kwamba ndiyo maana hadi leo watu wa pwani husema mtoto yuko chuoni anaposoma Kurani.

Neno moja tu, na hadithi nzima imepotea. Sasa hesabu maneno ya namna hiyo katika Waraka kwa Waebrania. Biblia Habari Njema, ya miaka ya 1990, imeandikwa kwa Kiswahili ambacho kijana yule angekielewa bila mkalimani, lakini waumini wengi wanaikwepa kwa kuwa mistari waliyoishika kwa moyo hawaikuti humo kama walivyoizoea. Na watoto wetu tuliowapeleka shule za mchepuo wa Kiingereza wanakwama kote kuwili: Kiswahili cha Muungano hakiwaingii, na Biblia ya Kiingereza hawawezi kuisoma pamoja na bibi. Vitabu vya ufafanuzi vya Kiswahili ni vichache madukani, na bei yake inamfanya mtu achague kati ya kitabu na unga.

Kwa hiyo wavivu wapo, na waliobanwa na maisha wapo. Lakini hakuna jibu kati ya haya mawili linalomfikia yule mama wa Tabata. Muda amekuwa nao, Kiswahili cha Muungano ndicho alichokulia, na bidii anayo kutuzidi sote. Kilichomkosesha Filemoni, kwa maoni yangu, ni namna tulivyofundishwa kuishika Biblia. Tumeipokea kama ghala la mistari. Ukiwa na shida ya ada, kuna andiko la kusimamia, ukisafiri, lipo, ukiugua, lipo. Tunaingia, tunachukua tulichokijia, tunatoka na kufunga mlango. Filemoni hana mstari wa kubandika kwenye kioo cha bajaji, basi hakuna aliyewahi kumfuata.

Hata namba zenyewe zinatusukuma huko. Paulo aliandika barua, hakuandika mistari. Sura tunazozitumia zinahesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, askofu mkuu wa Canterbury, mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari za Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji wa Ufaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Zimetusaidia sana kutafuta mahali. Ila zimetuzoesha kudhani kila namba ni neno kamili linalojitosheleza.

Angalia Yeremia 29:11, mstari ambao nadhani unaongoza kwa kubandikwa katika mji huu: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Umeusikia kwenye mahafali, kwenye uzinduzi wa duka, kwenye ujumbe wa Januari mosi. Sasa soma mstari ulio juu yake. Mungu anawaambia watu waliochukuliwa mateka Babeli kwamba atawarudisha kwao baada ya miaka 70. Miaka sabini! Wengi waliosikia barua ile ikisomwa walijua watazikwa ugenini. Kabla ya hapo, katika mstari wa 5, wameambiwa wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko, na katika mstari wa 7 wautakie amani mji uliowashikilia, kwa maana katika amani yake nao watapata amani. Walikuwepo manabii waliokuwa wanawaahidi kurudi upesi, na sura ileile inawaita waongo.

Nimeishi Dar miaka 22, na nilikuja kama tulivyokuja wengi, nikisema nitatafuta kidogo nirudi nyumbani Same. Siku niliposoma sura ile yote, kwa mara ya kwanza niliona kwamba inanihusu mimi na mtaa wangu, mfereji ulioziba pale barabarani, jirani nisiyemjua jina. Mstari wa 11 peke yake ulikuwa umeniambia mambo yangu yatanyooka. Sura nzima iliniambia nipande mti.

Hapa kuna watu watanisimamisha, na wana haki ya kusikilizwa. Mwalimu mmoja wa semina, mtu ninayemheshimu, aliniambia, "Ndugu yangu, usiwadharau watu wa mstari mmoja. Mtu anayezama hahitaji ramani ya bahari." Nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka nilipokuwa nikimuuguza mama yangu, wiki tatu wodini, nikilala kwenye mkeka chini ya kitanda. Sikuwa na uwezo wa kusoma sura nzima. Nilikuwa na "Nitayainua macho yangu niitazame milima", basi, asubuhi hiyo na jioni hiyo. Ulinitosha. Na bibi zetu wengi hawakujua kusoma kabisa. Walisikia, wakashika, wakaishi kwa kile walichokishika. Sitasema imani yao ilikuwa na upungufu.

Lakini mstari ule ulinibeba kwa sababu Zaburi ya 121 mama yangu aliyelala pale alikuwa amenifundisha yote nikiwa mdogo. Nilishika kipande cha kitu nilichokijua kizima.

Hoja nyingine ni nzito zaidi: kwamba kuzama kuna hatari. Baadhi ya viongozi wa makanisa hawasemi hadharani, lakini wanaogopa waumini wanaochimba wenyewe. Na mwaka 2023 tuliona jambo la kutisha hapo jirani Kenya, msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watu wakiwa wamefunga kula wakiamini watakutana na Yesu. Wapo waliohitimisha kwamba Biblia isiachwe mikononi mwa kila mtu. Mimi naona kinyume. Habari zilizotufikia zilikuwa za watu waliofuata tafsiri ya kiongozi mmoja, na mafundisho ya namna hiyo hustawi pale ambapo hakuna anayethubutu kusema, "Hebu turudi nyuma tuone mstari unaotangulia." Watu wa Beroya, katika Matendo 17, walimsikiliza Paulo mwenyewe na bado wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo, nao wakasifiwa kwa hilo.

Ila hofu ile ina chembe ya kweli nyingine. Anayezama peke yake hukutana na mambo magumu bila wa kumuuliza. Mathayo anasema Yuda alijinyonga; Matendo 1 inasema alianguka akapasuka. Ukiyaona haya usiku peke yako, unaweza kufunga kitabu kimyakimya na kurudi kwenye mistari yako salama. Wakristo wengi wa mji huu waliyasikia kwa mara ya kwanza katika mihadhara ya viwanjani ya miaka ya 1980 na 1990, kutoka kwa wahadhiri wa Kiislamu waliokuwa wameisoma Biblia kuliko wao. Wengine waliona aibu wakaenda kusoma, lakini walisoma ili wapate la kujibu, na kusoma kwa kutafuta silaha bado ni kuchukua vipande.

Ndiyo maana huwa narudi kwa yule Mkushi wa Matendo 8. Alikuwa safarini, ameketi garini mwake, anasoma Isaya kwa sauti. Bidii alikuwa nayo, kitabu alikuwa nacho, na foleni haikumzuia. Filipo akamuuliza, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Akajibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Filipo akapanda, akaketi pamoja naye. Swali aliloulizwa kisha ni la msomaji wa kweli: nabii anasema haya kwa habari zake mwenyewe, au za mtu mwingine? Swali kama hilo halimjii mtu aliyefungua ili achukue mstari. Linamjia aliyefuata habari hatua kwa hatua, na amekaa karibu na mtu wa kumuuliza.

Kwetu Tabata tumeamua kusoma kitabu kimoja kizima kila mwezi, vile vifupi kwanza, kwa sauti, kila mtu na tafsiri yake, na neno lisiloeleweka linasimamisha usomaji hapohapo. Haijapendwa na wote. Tulikuwa 19, tumebaki 11. Dada mmoja alituaga kwa upole, akisema yeye Jumatano anakuja akiwa amechoka na anahitaji kuombewa, shule alishamaliza. Maneno yake yalituingia. Sasa tunaanza na maombi, nusu saa kamili, ndipo tunafungua.

Na ile Jumatano ya Filemoni, yule mama alipoelezwa kwamba ndiyo, Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni, na kwamba Paulo anaomba apokewe kama ndugu mpendwa, aliuliza swali la pili: "Je, Filemoni alikubali?" Tukatazama tena. Barua haisemi. Wakati huohuo binti wa kazi wa mwenyeji wetu aliingia na chupa ya chai na vikombe, akaviweka mezani, akageuka kurudi jikoni. Mwenyeji alimwita jina lake, akamwambia aketi. Kisha mama akavaa miwani akasema tuisome tena tangu juu.