Sikuwa Naiba: Taarifa Rasmi Kuhusu Mkono Wangu

Nyinyi mlioiona ile video kwenye vikundi vya WhatsApp kabla ya kufika hapa, kaeni chini. Ni video ya sekunde chache, imekatwa pale panapomfaa aliyeikata, na yale maneno ya chini, "jamaa anaswa akiiba sanaa," ni uongo mtupu. Aliyeisambaza ni rafiki yangu. Simtaji jina kwa heshima ya mama yake, na pia kwa sababu ananidai.

Sikuwa naiba. Nilikuwa natoa kitu changu mwenyewe. Hebu subirini, maana hata hapo naona nimeanza kuzungumza kama mshukiwa.

Maonyesho yenyewe mnayajua, yale ya mama mchoraji na mzee mkerezaji, yaani fundi wa kuchonga mbao kwa mashine, kila mmoja na miaka yake zaidi ya 40 kazini. Ghorofani michoro ya mama, chini mbao za mzee. Rafiki yangu alikuwa amepewa kazi ya kupiga picha, akaniambia nije kwa sababu kutakuwa na kuku. Sitawadanganya kwamba nilisukumwa na mapenzi ya sanaa. Nilishuka matatu ya 46, nikatembea kidogo, nimevaa koti la binamu yangu, koti ambalo niliazimwa kwa sharti moja: lirudi bila doa.

Lakini nikifika, haki ya Mungu, nilisahau kuku kwa dakika kadhaa. Mama ana mchoro wa stendi ya Machakos, makanga ananing'inia mlangoni mdomo wazi, anaita watu. Lile jino lake la dhahabu, ukilisogelea, ni doa moja tu la manjano, brashi imegusa ikaondoka. Ukirudi nyuma hatua mbili, linameta. Nilienda mbele nikarudi nyuma mpaka askari wa mlangoni akaanza kunifuatilia. Michoro yake ya mwanzo ni midogo, amechora kwenye kitambaa cha marekani kilichowambwa kwa misumari, kwa sababu turubai ya dukani haikushikika bei. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiuza enzi za Watatu, ile galari ya Standard Street, Nairobi, ambako hata mchoraji Jak Katarikawe alikuwa akiuza wale ng'ombe wake wa rangi.

Kwa mzee, chini, ndiko mambo yalikoharibikia. Kwao ni Wamunyu, Ukambani, na ukisikia Wamunyu unajua ni uchongaji. Ndiko alikorudi Mutisya Munge na ujuzi aliouokota Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Wakamba wengi wakashika patasi. Mzee yeye vinyago hakuvitaka. Alikwenda kwa mashine. Mchongaji huzunguka mbao. Mkerezaji husimama na patasi yake, mbao ndiyo izunguke, na akipepesa macho tu kipande kinamrukia usoni. Ukutani kulikuwa na bakuli za mihugu alizokereza zamani, kabla mti huo haujachongwa mpaka ukaadimika na watu kuhamia mwarobaini, mwembe na jacaranda. Kulikuwa na vikombe vya mpingo, vidogo hivi, ukikiinua kimoja mkono unashtuka kwa uzito. (Ndiyo, nilikiinua. Ndiyo, kuna kibandiko cha usiguse. Tuendelee.)

Na katikati ya ukumbi, peke yake juu ya kijukwaa cheupe, chungu cha jacaranda. Tumbo pana, shingo hakuna, mdomo mdogo. Mzee amelichimba tumbo lote kupitia huo mdomo kwa patasi iliyopinda, bila kuona anapokata, akisikiliza tu sauti ya mbao inavyobadilika ukuta unapozidi kuwa mwembamba. Wamesema ukiweka taa ndani mwanga unapenya. Shilingi 185,000.

Sasa njooni kwenye kuku.

Mabawa yalipita kwenye sinia. Nikachukua moja, nikala kwa adabu, nikabaki na mfupa ndani ya kitambaa cha karatasi. Nikatafuta pipa. Jamani, hivi mshawahi kutafuta pipa la taka kwenye jumba la sanaa? Kuta nyeupe, sakafu nyeupe, taa nyeupe, na pembeni kuna kindoo ambacho sikuthubutu kukigusa kwa kuwa sikujua kama nacho kina bei. Wewe unayetaka kuniuliza mbona sikutia mfukoni, nimeshasema koti la binamu. Soma.

Nimesimama kando ya chungu. Hotuba zinaanza, watu wote wamegeukia kipaza sauti. Mkono ukafanya wenyewe. Nikasikia mfupa ukifika chini: ko.

Ningeondoka hapo hapo leo hii ningekuwa mtu wa heshima zangu. Lakini dada msimamizi wa ukumbi akashika kipaza sauti akatangaza kwamba baada ya hotuba ya mama, mzee atawatembeza wageni kazi moja moja, "na ataziinua tuone mpaka ndani."

Mpaka ndani!

Nikaanza kutoa jasho mgongoni, kwenye koti. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikakusanya vidole, nikaingiza mkono. Ukaingia vizuri tu, nusura nimshukuru Mungu kwa sauti. Nikapapasa, nikaupata mfupa, nikafunga ngumi, nikavuta.

Wapi.

Nikavuta tena, safari hii na uso wa mtu anayesikiliza hotuba. Wapi. Nikageuza kiwiko, nikajipinda, nikajifanya nakisoma kibandiko cha bei kwa karibu sana. Mnakumbuka ile hadithi ya nyani aliyetia mkono kwenye kibuyu cha karanga akakataa kuziachilia mpaka mwindaji akafika? Nilikuwa nikiwacheka nyani hao tangu darasa la tatu. Nisameheni, ndugu zangu nyani. Kuna sababu ambazo mtu hawezi kufungua ngumi.

Mama akamaliza hotuba. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Sasa mtu mmoja katikati ya watu mia hapigi makofi, anaonekana ana chuki. Nikaanza kujipiga pajani kwa mkono wa kushoto. Haikutosha, kwa sababu mama naye ni mama wa watu, ameongea maneno ya kutoa machozi, na wageni wakaendelea na kuendelea, wengine wanapiga vigelegele. Nikajisahau. Niliinua mikono yote miwili.

Chungu kikaja nacho.

Hapo naomba muelewe jinsi kimya kinavyoingia ukumbini. Hakiingii mara moja. Waliokuwa karibu nami walinyamaza kwanza, halafu waliofuata, mpaka akabaki shangazi mmoja kule nyuma anayepiga vigelegele peke yake, naye akakatiza katikati. Na mimi nimesimama, mkono juu, jacaranda ya shilingi 185,000 imenivaa mpaka kwenye kifundo, na ndani yake mfupa unagongagonga kila nikitetemeka.

Dada msimamizi akasema kwa sauti ndogo sana, "Kaka. Tafadhali. Shusha."

Nikashusha polepole mpaka kikakaa kwenye kijukwaa chake. Akakiangalia kibandiko cha bei, akaniangalia mimi, na hapo ndipo nikaona kidoto chekundu kwenye kona. Nacho kilikuwa kimebandikwa sasa hivi, wakati wa hotuba. Kimeuzwa. Mwenyewe, bibi mmoja aliyevaa mitandio mitatu, alikuwa ameshafika kando yangu kutazama mali yake, na mali yake ilikuwa na mtu.

Kuna bwana mmoja wa miwani ya duara aliyekuja akasimama mbele yangu, mikono nyuma, akatikisa kichwa taratibu. "Kizazi kipya," akasema, "kikiutafuta urithi gizani." Watu wawili wakaitikia. Mmoja akapiga picha. Nawaapia, kwa sekunde kama kumi nilikuwa kazi ya sanaa, na nilifikiria sana kubaki hivyo. Kisha rafiki yangu akasukuma watu na kamera yake akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Boss, unaiba?"

Hicho ndicho kipande mlichokiona. Kinaanzia hapo.

Mama mmoja akafungua mkoba akatoa Arimis, yale mafuta ya kujipaka. Sikushangaa; katika kila umati wa Wakenya lazima mmoja awe na Arimis. Akanishika kifundo kana kwamba amenizaa, akaanza kunipaka, huku dada msimamizi akilia, "Mama, mafuta! Mama, hiyo ni jacaranda!" na mama anamjibu, "Jacaranda ni mti, mwanangu, huyu ni mtoto wa watu." Mtu akanivuta mabega, mwingine akakishika chungu. Mikono ya koti ikapata Arimis mpaka kwenye kiwiko. Nikauona uso wa binamu yangu ukutani, katikati ya michoro.

Ndipo mzee akaja. Hakukimbia. Umati ukampisha, akafika, akainama, akakitazama chungu chake kwanza, mimi baadaye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naona uliingia bila hodi."

Sikuwa na jibu. Akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wa chungu, kuuzunguka, mara moja. Kisha akaanza kuwaeleza wageni kana kwamba mimi ndimi kituo cha kwanza cha matembezi yake. Mti huu, akasema, aliukereza ukiwa mbichi, siku chache baada ya kukatwa, na mdomo ulitoka mashineni ukiwa duara kamili. Lakini mbao ikikauka hujivuta, na haijivuti sawa pande zote. Kuufuata mviringo wa pete za mti hujivuta zaidi, kuelekea moyoni hujivuta kidogo. Ndiyo maana mdomo umelala upande mmoja mrefu, mwingine mfupi. Huwezi kuona kwa macho ukisimama mbali. "Huyu kijana aliingia kwa upande mrefu," akasema, "akajigeuza huko ndani, sasa anataka kutokea upande mfupi. Hata mkimpaka mafuta ya gari."

Wageni wakasema aaa. Bwana wa miwani akaandika kitu.

Mzee akanishika kiwiko, akakizungusha robo. Halafu akaniinamia sikioni, ananukia msasa na tangawizi, akaninong'oneza: "Na hicho ulichoshika, kiachilie."

Alikuwa anajua! Tangu aliposikia kikigonga, alijua. Yule ni mtu aliyefanya kazi miaka 40 kwa kusikiliza kilicho ndani ya mbao.

Nikamtazama. Akanitazama. Nyuma yake nawaona dada msimamizi, bibi wa mitandio, mama wa Arimis, mama mchoraji ambaye ameshuka ngazi kuona ni nani aliyemkatizia makofi, na taa nyekundu ya kamera ya rafiki yangu. Nikafungua kidole kimoja. Cha pili. Mkono ukatoka wenyewe, mwepesi, wa baridi kwa aibu, na mama wa Arimis akapaza sauti, "Asante Yesu!"

Nikadhani yameisha. Nikaanza hata kushukuru. Mzee akakiinua chungu kwa mikono miwili, akakitikisa kando ya sikio lake. Ko, ko. Akakipindua.

Kitambaa kilitoka kwanza, kikashuka taratibu na doa lake la mafuta. Kisha mfupa. Ulianguka kwenye kijukwaa cheupe, ukaruka mara moja, ukasimama kati ya kibandiko cha bei na kidoto chekundu. Umegugunwa vizuri, sikatai. Hakukuwa na nyama ya kuuficha.

Hakuna aliyesema neno. Mzee akauokota kwa vidole viwili, akaugeuza kwenye mwanga kama anavyokagua mbao.

"Kuku," akasema. "Mti mgumu huu. Haukerezeki."

Mama mchoraji ndiye aliyeanza kucheka, na akicheka yule mama hushika ukuta. Wengine wakamfuata.

Yaliyobaki ni mafupi. Mzee alifuta ndani kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, akasema mafuta ya kuku ameyaweza. Bibi wa mitandio amenunua chungu hata hivyo, na aliniomba nisimame nacho kwa picha, nikasimama. Mfupa aliuomba pia, akanyimwa. Askari alinisindikiza mpaka getini, akiwa na heshima. Binamu yangu ameona koti na hajasema kitu mpaka sasa, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Rafiki yangu ameomba msamaha kwa emoji.

Deni langu kwa mzee nalilipa kwa kazi: Jumamosi naenda karakana kwake kufagia maranda siku nzima. Nilimwandikia jana kuuliza nibebe nini. Akajibu kwa ujumbe mmoja: "Njoo ukiwa umekula."