Panga Mradi wa Mteja Kuanzia Siku ya Makabidhiano

Wanafunzi wa mifumo ya taarifa wanapopewa mteja wa kweli, iwe zahanati, maktaba ndogo au chama chenye daftari moja na kompyuta moja, mpango wa kwanza wanaouleta huwa na sura ileile. Wiki kadhaa za kukusanya mahitaji, kisha usanifu, kisha wiki nyingi za kuandika programu, majaribio yamebanwa mwishoni, na chini kabisa ya chati ya Gantt, ile inayoonyesha kila kazi kwa mstari wa muda wake, kuna neno moja: makabidhiano. Mimi huwaomba neno hilo walipandishe juu, liwe la kwanza kujadiliwa.

Sababu yangu ni kwamba wanafunzi wataondoka. Mfumo ulionunuliwa kwenye kampuni una mtu wa kupigiwa simu ukikwama. Mfumo wa kundi la wanafunzi, matokeo yakishatoka, hauna mwenyewe. Mteja anabaki na tovuti iliyowekwa kwenye akaunti ya mwanafunzi, kikoa (jina la anwani ya tovuti) kilicholipiwa mwaka mmoja kwa jina la mwanafunzi mwingine, na nenosiri kuu analolijua mtu ambaye sasa yuko kwenye ajira yake mpya. Mteja huyo alitoa muda wake, akajibu maswali, akafungua kumbukumbu zake. Kumwacha hivyo ni kumdhulumu, hata kama kundi limepata alama ya juu.

Kwa hiyo maswali ya siku ya mwisho yaulizwe siku ya kwanza. Nani atamsajili mfanyakazi mpya kwenye mfumo? Nani atalipia seva? Nakala rudufu itafanywa na nani, na je, kuna mtu amewahi kujaribu kuirejesha? Majibu yake hubadilisha usanifu wenyewe. Ofisi isiyo na mtu wa kompyuta pengine inahitaji lahajedwali (jedwali la kompyuta kama la Excel) lililopangwa vizuri, lenye orodha za kuchagua na seli zilizofungwa zisiharibiwe, basi. Kundi linalomwachia mteja lahajedwali linalotumika kila siku limefanya kazi bora kuliko kundi linalomwachia tovuti nzuri iliyozimika. Sisi tunaosahihisha tunapaswa kukubali hilo na kulitolea alama, maana wanafunzi hufuata mahali alama zilipo.

Halafu kuna data ya zamani, ambayo mipango mingi haiigusi kabisa. Msikae na meneja peke yake. Kaeni na karani anayeandika daftari, saa nzima, akiwa kazini. Mtaona namba moja ya simu inaanza na sifuri na nyingine na alama ya kujumlisha. Mtaona jina la mtu mmoja limeandikwa kwa namna tatu, na safu ya "Maelezo" imebeba kila kilichokosa mahali pake. Na pembeni, kwa penseli, mtaona vialama ambavyo hakuna aliyevitaja kwenye mahojiano. Ulizeni: "Hii alama ni ya nini, dada?" Atawajibu bila hata kuinua kichwa: "Hao wanalipa kidogo kidogo." Hapo mmepata hitaji ambalo dodoso lisingelitoa, kwa sababu kwake si jambo la kueleza, ni mazoea ya mkono. Kusafisha na kuhamisha data kama hiyo kunastahili wiki zake kwenye chati na jina la mtu wa kuisimamia.

Siku ya kuanza kutumia mfumo nayo ipangwe. Mfano ninaowapa wanafunzi ni wa huduma ya magari ya wagonjwa ya London. Tarehe 26 Oktoba 1992 iliwasha mfumo mpya wa kutuma magari kwa eneo lake lote kwa mkupuo. Taarifa za mahali magari yalipo hazikuwa sahihi, simu zikarundikana, na siku chache baadaye mfumo ukasimama kabisa kwa sababu kipande kidogo cha msimbo kilikuwa kinakula kumbukumbu ya seva bila kuiachia. Wafanyakazi wakarudi kwenye karatasi. Mradi wa wanafunzi hauna uzito huo, lakini funzo lake linaingia vizuri: anza na idara moja au kazi moja, daftari la zamani liendelee sambamba kwa muda, na mafunzo yatolewe karibu na siku ya kuanza ili watu wasiwe wamesahau.

Kuhusu kundi lenyewe nitasema machache. Watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana, wao kwa wao. Akiongezeka mmoja zinakuwa 15. Fred Brooks, mwanasayansi wa kompyuta aliyewahi kusimamia miradi mikubwa ya programu, alionya mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, na makundi yanayoomba mwanachama mpya wiki za mwisho yangefaa kulisikia hilo. Mteja awe na mtu mmoja wa kuzungumza naye, na kila kikao kiandikiwe muhtasari utakaorudi kwa mteja aukubali. Akisema "mtuongezee kidogo tu hapa", msikatae wala msikubali papo hapo. Andikeni kinachoongezwa, kisha mwonyesheni kipi kitaondoka ili ipatikane nafasi. Wateja wengi huelewa haraka sana wakiwekewa mambo hivyo mezani.

Kama ningepewa kubadilisha jambo moja kwenye mwongozo wa miradi hii, ningesogeza tarehe ya mwisho ya kuongeza kitu chochote kipya iwe wiki tatu kabla ya muhula kufungwa. Wiki hizo tatu mteja autumie mfumo kwa kazi zake halisi, wanafunzi wakiwa hawapo chumbani. Akaunti zote ziwe zimeshahamishiwa kwake, na mwongozo wa kurasa chache uwe umechapwa na kuwekwa karibu na kompyuta. Wanafunzi wakija kumtembelea, swali la kwanza liwe nakala rudufu ya wiki iliyopita ilifanywa na nani.