Machozi ya mfiwa si mali ya mwenye simu

Nyumba ikiungua leo usiku pale Nyalenda kule Kisumu au Kaptembwo hapa Nakuru, kesho kabla ya saa nne asubuhi mama aliyepoteza watoto atakuwa ameshahojiwa mara kadhaa na wanablogu wenye simu, majivu bado yakifuka. Atawekewa kipaza sauti mdomoni, ataulizwa alihisi nini alipoona mwili wa kwanza, na akinyamaza ataulizwa tena kwa njia nyingine mpaka alie. Jioni video iko hewani, uso wake na jina lake juu, na chini yake namba ya kutuma pesa ambayo si yake.

Linaniuma sana hili, na msimamo wangu ni mmoja: pesa zinazotokana na msiba wa mtu ni za mtu huyo. Mwenye simu arudishiwe nauli na alipwe jasho lake, basi.

Wengi wetu hatujui pesa hizo hupatikana vipi, ndiyo maana tunawaita wanablogu hawa wasamaria wema. YouTube humpa mwenye chaneli asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video za kawaida, mradi awe na wafuasi 1,000 na video zake ziwe zimetazamwa kwa saa 4,000 ndani ya mwaka mmoja. Video ikifika dakika 8, anaruhusiwa kupachika matangazo katikati pia. Ukishajua hilo utaelewa kwa nini mahojiano ya mjane hayaishi, kwa nini anaombwa arudie kisa tangu mwanzo, kwa nini kuna sehemu ya pili na ya tano, na kwa nini kilio chake kimekatwa kikawekwa mwanzo kabisa ili mtazamaji asipite. Kule TikTok, mtu akienda laivu kutoka matangani, zile zawadi za maua na simba zinazorushwa hugeuka pesa kwenye akaunti ya aliyeshika simu. Anayezirusha anaamini amemtumia mfiwa.

Sisemi misiba ifichwe. Bwawa la Solai lilipopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40, nchi ilihitaji kuliona lile tope na kuuliza nani aliruhusu maji yale yakae juu ya makazi ya watu. Watoto 14 walipokufa katika mkanyagano kwenye Shule ya Msingi ya Kakamega, Februari 2020, wazazi walikuwa na haki ya kupiga kelele wakasikika, na aliyezirekodi kelele hizo aliwafanyia kazi Wakenya wote. Ukitaka kujua mwenye simu anatafuta nini, sikiliza tu maswali. Anayetafuta ukweli huuliza ngazi zilikuwa pana kiasi gani, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, nani alikuwa zamu. Anayetafuta machozi huuliza marehemu alipenda kula nini.

Na mfiwa akiamua kusimulia mwenyewe? Mjane wa Kisumu akifungua chaneli yake, aeleze jinsi mashemeji walivyomnyang'anya shamba, na alipwe kwa hilo, mimi nitakuwa wa kwanza kumfuatilia. Uchungu ni wake na karo haijilipi. Ninachomwomba ni awaangalie watoto, kwa sababu msiba wa nyumba moja huwa na wenyewe wengi. Namjua kijana mmoja hapa Nakuru ambaye alirekodiwa na mpita njia siku babake alipofariki. Mpaka leo wenzake shuleni humwigiza alivyolia. Hakuna aliyemwomba ruhusa, na hakuna shilingi ya video ile iliyomfikia.

Jibu huwa tayari: "Lakini alikubali mwenyewe." Alikubali lini? Siku ya pili ya msiba, hajala, hajalala, mochari inadai, jeneza halijalipiwa, na kijana mwenye simu nzuri anamwambia, "Mama, ongea, Wakenya watakusaidia." Mtu katika hali hiyo angekubali lolote. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini itolewe kwa hiari, mtu akijua anachokubali, na inampa haki ya kuiondoa wakati wowote. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye wa kuitoa. Na si sheria ya makaratasi tu: Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Aliyekuwa akijiburudisha amelindwa hivyo, mama anayegaagaa mbele ya mochari je?

Wanablogu watasema sheria hiyo imewaachia nafasi waandishi wa habari. Ni kweli, kwa habari zenye maslahi kwa umma. Ila waandishi wana kanuni zao, na zimetaja wazi kuingilia majonzi ya watu: uliza kwa upole na busara. Wanablogu hawa hujiita wanahabari polisi wanapoweka utepe. Kanuni zikitajwa, wanakuwa wananchi wa kawaida.

Kwetu Vihiga, pesa za msiba zina utaratibu wake. Kamati ya mazishi hukutana jioni, mweka hazina ana daftari, na kabla ya watu kutawanyika husoma: fulani 200, fulani 50, chama cha akina mama 3,000, jeneza limelipwa kiasi hiki, salio ni hili. Hata mchango wa mzee wa kanisa husomwa, wala hakuna anayeona ametukanwa. Mwanablogu aliyechangisha naye asomwe humo. Afungue simu, aonyeshe taarifa ya M-Pesa mbele ya watu.

Kuna ugumu mmoja. YouTube hulipa mwezi unaofuata, tena mapato yakishafika dola 100, na wakati huo marehemu amezikwa na kamati imevunjika. Kwa hiyo makubaliano yaandikwe kwenye daftari lile lile kabla kamera haijawashwa: namba ya kuchangia iwe ya mfiwa au ya mweka hazina, mwanablogu atabaki na kiasi gani, lini ataleta salio, na shahidi ni nani. Asiyetaka kuandika asirekodi. Na matanga yakishaanuliwa, arudi bila kamera amuulize mfiwa kama bado anataka ile video ionekane. Akikataa, ifutwe siku hiyo hiyo, hata kama bado inaingiza pesa.